Boksi Lililorudi Mwaka 2015

Mama yangu mdogo anaishi Nkuhungu, hapa Dodoma, katika nyumba ya matofali ya saruji yenye vyumba vitatu na sebule ndefu inayotazama barabara ya vumbi. Mwaka jana wanawe walichanga fedha wakamnunulia boksi la Android la kuchomeka kwenye runinga, ili atazame mahubiri, taarifa ya habari na tamthilia kwa wakati anaoutaka yeye, bila kungoja ratiba ya kituo chochote. Boksi lilimtumikia vizuri kwa miezi miwili. Kisha, asubuhi ya Jumamosi moja ya Agosti, baada ya usiku wa upepo mkali ambao umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa, alinipigia simu kabla sijamaliza chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Njoo uangalie hiki kitu chenu. Kinaniambia kimeunganishwa, hapohapo kinaniambia hakuna intaneti. Sasa nishike lipi?"

Nilimshauri azime kila kitu na kuwasha upya, kama ambavyo kila mtu humshauri mwenzake, kisha nikapanda bodaboda kutoka Ilazo. Ushauri ule, kama itakavyoonekana, ndio uliorefusha kazi.

Swali lake lilikuwa na jibu, nalo ni kwamba yote mawili yalikuwa kweli. Kuunganishwa kunahusu kipande cha kwanza tu cha safari, yaani kutoka kwenye boksi hadi kwenye rauta, kile kifaa kinachosambaza waifai, iliyo chumba cha pili. Intaneti ni safari nzima: kutoka kwenye rauta hadi kwenye mnara wa simu, kutoka kwenye mnara hadi kwa mtoa huduma, na kutoka kwake hadi kwenye seva ambayo picha inahifadhiwa, ambayo huenda iko nje ya bara hili. Boksi la Android hujipima lenyewe kwa njia rahisi: likishaingia kwenye waifai, hutuma ombi dogo kwa seva ya Google na kutarajia jibu tupu lenye namba 204. Jibu hilo lisiporudi kama linavyotarajiwa, huandika kwamba hakuna intaneti, bila kusema ombi lilikwama wapi. Kwa hiyo ujumbe ule mmoja hubeba hitilafu nyingi zisizofanana, na mtu anayeanza kubadilisha mipangilio kabla ya kujua kipande kipi kimekatika anafanya kazi gizani.

Nilipofika nilimkuta amekaa mbele ya runinga, rimoti mkononi na simu mapajani. "Mbona simu yangu inaingia vizuri hapahapa nilipokaa?" aliniuliza. Kauli hiyo husikika karibu katika kila nyumba yenye tatizo hili, na mara nyingi simu ni shahidi wa uongo, kwa sababu simu janja ikiona waifai haina intaneti huhamia kwenye data ya laini yake bila kumwarifu mwenyewe. Nilimwomba azime data ya laini, abaki na waifai peke yake, kisha afungue video ambayo hajawahi kuifungua. Ilifunguka. Jaribio hilo la nusu dakika lilitusafishia zaidi ya nusu ya njia: rauta ilikuwa nzima, bando lilikuwapo, mnara ulikuwa unajibu, na huko mbele kote kulikuwa salama. Zipo siku ambazo hitilafu iko mbali kweli, kama ilivyokuwa Mei 2024, nyaya za baharini zinazoihudumia Afrika Mashariki zilipokatika na nchi kadhaa zikabaki na intaneti ya kudondoka. Siku kama hiyo fundi wa nyumbani hana la kufanya isipokuwa kusubiri. Jumamosi ile haikuwa siku ya namna hiyo.

Tatizo lilikuwa kati ya boksi na rauta, au ndani ya boksi lenyewe. Hatua iliyofuata ilikuwa kusoma anwani ya IP ya boksi, yaani namba inayolitambulisha kwenye mtandao wa nyumba, ambayo hupatikana kwenye mipangilio ya mtandao chini ya jina la waifai. Wengi huipita namba hiyo kwa kudhani ni ya wataalamu, ilhali ndiyo inayosema mengi kuliko kitu kingine chochote kwenye skrini. Ikianza na 169.254, maana yake boksi liliomba anwani kwa rauta, halikujibiwa, likajipa lenyewe. Hapo mtu ashughulike na rauta. Ikiwa rauta inagawa anwani zinazoanza na 192.168.8 lakini boksi limeng'ang'ania 192.168.1, basi kuna mtu aliyewahi kuiandika anwani hiyo kwa mkono, pengine wakati wa rauta ya zamani, na boksi linabisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha kuhamwa. Kosa hili la pili nimelifanya mimi mwenyewe nyumbani kwangu, nikalisahau, kisha nikalaumu rauta mpya kwa siku mbili.

Boksi la mama lilikuwa na 192.168.8.103, na rauta yake ni 192.168.8.1. Hakuna kosa hapo. Ili kuwa na uhakika, nilifungua kivinjari kwenye boksi nikaandika anwani ya rauta, na ukurasa wake wa kuingilia ukaja mara moja. Basi boksi lilikuwa linazungumza na rauta, na rauta ilikuwa inazungumza na dunia, lakini boksi halikuweza kuzungumza na dunia. Hapa ndipo uvumilivu wa watu wengi huishia, na ndipo huamua kurudisha boksi katika hali ya kiwandani, jambo linalofuta akaunti zote na manenosiri ambayo hakuna aliyeyaandika popote. Kwa maoni yangu hatua hiyo iwe ya mwisho kabisa.

Niliandika anwani ya gazeti moja kwenye kivinjari kilekile. Badala ya habari, kilikuja kibao cha onyo kinachosema kwamba muunganisho si salama na kwamba cheti cha tovuti hiyo bado hakijaanza kutumika. Nilisoma neno "bado" mara mbili. Kisha nikainua macho kwenye pembe ya juu ya skrini, ambako kwa maandishi madogo meupe palikuwa pameandikwa: 03:14, tarehe 1 Januari 2015.

Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya dunia inayohesabiwa Greenwich. Kwa hiyo 03:14 ilimaanisha kwamba boksi lilianza kuhesabu kutoka saa sita kamili ya usiku wa kuamkia mwaka 2015 huko Greenwich, na lilikuwa limehesabu dakika 14 tu. Nilimuuliza mama aliliwasha upya lini. "Ulivyonipigia kusema unakaribia." Dakika 14 zilizopita.

Boksi nyingi za bei nafuu hazina betri ndogo ya kutunza saa, ile ambayo kompyuta huwa nayo. Zikikosa umeme husahau tarehe na kuanza upya kutoka siku iliyowekwa kiwandani, kisha huuliza saa kwa seva ya intaneti mara zinapopata mtandao. Boksi likikosa jibu, linabaki na tarehe ya zamani. Nazo tovuti na programu karibu zote za leo hutumia vyeti vya usalama, yaani hati za kidijitali zinazothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe, vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Septemba 2020 muda wa juu wa kuishi wa cheti kipya cha tovuti ya umma ulipunguzwa hadi siku 398. Boksi linaloamini kwamba ni mwaka 2015 linapoonyeshwa cheti kilichotolewa juzi, linakiona kama hati ya kesho, na linakikataa, kwa haki kabisa. Ukurasa wa rauta ulifunguka kwa sababu haukuhitaji cheti. Simu ilifanya kazi kwa sababu ina betri, na saa yake haikuwahi kusimama.

Lililobaki ni kujua kwa nini boksi halikujibiwa lilipouliza saa, ilhali rauta ilikuwa nzima. Nilipiga magoti nyuma ya meza ya runinga nikafuata nyaya kwa kidole. Runinga, boksi, na hata waya mrefu unaokwenda chumbani kwenye rauta, vyote vilikuwa kwenye ekstensheni moja nyeupe yenye swichi moja nyekundu. Mama alipoambiwa azime na kuwasha, alibonyeza swichi ile. Vyote vikazimika pamoja na kuwaka pamoja. Boksi huwaka kwa chini ya dakika moja. Rauta hutangaza waifai mapema, lakini huchukua dakika tatu au nne kabla ya laini iliyo ndani yake kupokelewa na mnara. Katika dakika hizo boksi liliingia kwenye waifai, likauliza saa mara chache, likakosa jibu, likaacha kuuliza. Umeme ulipokatika usiku lilifanya vivyo hivyo. Na kila mara mama alipobonyeza swichi ile ili atibu ugonjwa, alikuwa anauanzisha upya, na mimi ndiye niliyemwelekeza kufanya hivyo.

Tiba ilichukua dakika moja. Niliacha rauta ikiwaka, nikazima boksi peke yake na kuliwasha. Tarehe ikarekebika yenyewe, na mahubiri yakaendelea kutoka pale yalipokatika Ijumaa. Kwa boksi ambalo linakataa hata hivyo, mtu huingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, akazima saa ya mtandao, akaandika tarehe kwa mkono, akahakikisha ukanda wa saa ni wa Dar es Salaam au Nairobi, kisha akairudisha saa ya mtandao baada ya programu kufunguka. Rauta niliihamishia kwenye soketi ya ukutani chumbani, isiguswe na swichi nyekundu.

Ningeweza kuondoka hapo, lakini mama alikuwa na shauri la pili, ambalo kwa kweli lilikuwa la zamani kuliko la kwanza: usiku, picha husimama na kile kiduara kuzunguka, hasa wakati wa tamthilia.

Kiduara kikizunguka usiku, wengi husema mara moja kwamba mtoa huduma ameelemewa, na huenda ni kweli, kwani mnara mmoja hugawana uwezo wake kati ya watu wote wanaoutumia kwa saa hiyo. Hata hivyo kipimo lazima kifanyike mahali picha inapotazamwa. Nilipima kasi kwa simu nikiwa nimesimama karibu na rauta nikapata megabiti 18 kwa sekunde. Nilipima kwenye boksi lenyewe nikapata 3. Netflix, kwa mfano, hupendekeza megabiti 3 kwa picha ya kawaida ya HD na 5 kwa HD kamili, kwa hiyo boksi lilikuwa linaishi ukingoni: mtu mmoja akipokea picha za arusi kwenye simu, kiduara kinaanza. Mnara ulikuwa unaleta kasi ya kutosha hadi dirishani, na nyumba yenyewe ndiyo ilikuwa inaipoteza.

Rauta ilikuwa chumbani kwa sababu dirisha la chumba hicho ndilo linalopata mnara vizuri. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya bluu, sawa na vile vilivyo kwenye viti na juu ya friji. Sikuthubutu kukikosoa, nilieleza tu kwamba kifaa kinachochemka hupunguza kazi au hujizima, na kwamba Novemba joto la hapa halihitaji kusaidiwa. Kitambaa kikahamia kwenye redio. Kati ya rauta na sebule palikuwa na ukuta wa saruji, na kwenye ukuta huo kabati la nguo lenye kioo kirefu. Kioo cha kujitazamia kina utando mwembamba wa chuma nyuma yake, na waifai hukiona kama sisi tunavyokiona: hurudi ilikotoka.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na namba huwa za hasi. Hasi 50 ni nzuri sana, hasi 67 inatosha kwa video, na ikifika hasi 80 kila kitu kinakwama. Kwa programu ya bure kwenye simu nilisoma hasi 48 kando ya rauta na hasi 79 nyuma ya runinga. Tofauti ya desibeli 31 inaonekana ndogo kwa asiyejua kwamba kila desibeli 10 ni mara kumi. Mawimbi yaliyofika kwenye boksi yalikuwa na nguvu pungufu kwa zaidi ya mara 1,000.

Boksi lenyewe lilikuwa limebandikwa kwa gundi mgongoni mwa runinga ili lisionekane, na runinga ndani yake ina bamba la chuma. Pia lilikuwa limechomekwa diski kubwa ya nje ambayo binamu yangu aliijaza nyimbo za kwaya, kwenye tundu la USB la rangi ya bluu. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji madukani hawalisemi: vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo masafa ya waifai nyingi, na kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya jambo hilo mwaka 2012. Nilichomoa diski, kasi ikapanda hadi megabiti 6 papo hapo. Nilibandua boksi na kuliweka mbele, juu ya meza, kasi ikafika 9. Diski tuliichomeka kwenye tundu jeusi la USB 2.0, ambako nyimbo zinasomeka vilevile.

Masafa ya gigahezi 5 yangeepuka kelele hiyo pamoja na waifai za majirani, ila huchoka haraka zaidi yanapokutana na ukuta, na kwa nyumba ile yalifika sebuleni yakiwa hoi kuliko yale ya 2.4. Niliyajaribu nikayaacha. Kwenye 2.4 nilihamisha rauta kutoka chaneli 3 kwenda chaneli 11, kwa kuwa ni chaneli 1, 6 na 11 pekee ambazo haziingiliani, na anayekaa katikati huwasikia majirani wa pande zote mbili.

Wiki iliyofuata tuliweka waya. Mita 15 za waya wa mtandao wa Cat5e, kutoka kwenye rauta, juu ya mlango, hadi kwenye boksi. Fundi alikaa kwenye kigoda akapanga nyuzi nane kwa rangi: machungwa-nyeupe, machungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia, akazikata sawa na kuzibana. Tundu la boksi lile ni la megabiti 100, ambalo hutumia nyuzi nne tu kati ya hizo nane, lakini ni vizuri kuzibana zote. Tangu siku hiyo boksi linapata karibu kila kinachofika dirishani. Ningekuwa na uwezo wa kuamua, kila runinga isiyohama ingekuwa na waya, na waifai ingeachiwa simu.

Tahadhari moja ya fedha ilifuata. Picha inayotumia megabiti 5 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 2.25 kwa saa, maana baiti moja ni biti nane. Mtandao ulipokuwa unakwama, boksi lilikuwa linashusha ubora na kumhifadhia mama bando bila yeye kujua. Ulipopona, bando la wiki liliisha siku ya nne. Tukaweka kikomo cha ubora wa picha cha 480, ambacho ni chini ya HD, kwenye programu ya video, na kwenye runinga ya inchi 32 inayotazamwa kutoka mita tatu, mama anasema haoni tofauti.

Mambo mengine niliyokutana nayo kwa ndugu na majirani nayataja kwa ufupi. Boksi dogo linalojizima kila video inapoanza huenda linapewa umeme na tundu la USB la runinga, ambalo kwa USB 2.0 hutoa nusu ampea, ilhali linahitaji ampea moja au mbili. Lipewe adapta yake. Simu isiyoiona runinga ili kuirushia picha huenda iko kwenye waifai ya wageni, ambayo kwa makusudi huzuia vifaa kuonana. Ukurasa ukikataa kwa jina lakini namba kama 8.8.8.8, ambayo ni ya Google, ikajibu, tatizo liko kwenye DNS, yaani huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba, na kubadilisha anwani zake kwenye rauta kunatosha. Na boksi la zamani likiikataa rauta mpya ingawa nenosiri ni sahihi, iangaliwe kama rauta imewekwa usalama wa WPA3 pekee, aina mpya ya ulinzi wa waifai ambayo vifaa vingi vya zamani haviijui. Irudishwe kwenye hali inayokubali WPA2, ile iliyoitangulia, pia.

Mwishoni mwa Septemba umeme ulikatika tena Nkuhungu, jioni. Mama alinipigia.

"Baba, nimezima boksi. Rauta inawaka, nasubiri ile taa ya mnara iwe kijani."

Nilisubiri naye kwenye simu. Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha mlio wa boksi kuwaka.

"Juu hapo pameandikwa nini, mama?"

"Kumi na tisa, hamsini na tano. Tarehe ya leo. Haya, kwaheri, taarifa ya habari inaanza."